Mpira wa mkojo na mada zenu tano

Habari zenu wadogo zangu wanafunzi wa unesi. Wa nyuma sogeeni mbele jamani viti vipo. Nimeombwa niongelee maadili, upasuaji, kinga ya mwili, maambukizi na mambo ya haja ndogo na kubwa, yaani mada tano, kila moja ina daftari lake na kila moja ina swali lake kwenye mtihani, nikaangalia muda niliopewa nikacheka peke yangu. Haitoshi hata mada moja. Kwa hiyo nimefanya ujanja, ntaongelea kitu kimoja tu, mpira wa mkojo, ile katheta ya kawaida kabisa mnayoiona wodini kila siku mpaka mmeizoea hamuioni tena. Mada zote zimo humo humo, mtaona wenyewe, ila haja kubwa leo itaonewa kidogo, mnisamehe mapema.

Huu mpira wenye puto tunaotumia una jina la daktari mmoja wa Marekani, Frederic Foley, aliyeutengeneza miaka ya 1930. Kabla yake mara nyingi ilibidi mpira ubandikwe au ufungwe ili usichomoke, yeye akaweka puto, unalijaza maji likiwa ndani ya kibofu basi, halitoki. Ni kitu kizuri sana, kimeokoa watu wengi. Lakini kwa sababu hautoki wenyewe, ukishawekwa unabaki pale mpaka atokee mtu wa kuukumbuka, na huyo mtu mara nyingi ni nesi, na hapo ndo hadithi yetu yote inapoanzia.

Sasa tuchukue mgonjwa wa mfano. Mama wa miaka 68, ana kisukari, uzito kilo 70, kesho anafanyiwa operesheni ya utumbo. Daktari ameandika kwenye faili awekewe mpira. Wengi wenu hapa mkiona hiyo oda mnakimbilia kabati la vifaa. Tulia kwanza. Nenda kwa mama, vuta pazia, mwambie unataka kufanya nini, kwa nini, utakaa muda gani, atasikiaje, halafu msubiri ajibu. Ridhaa siyo karatasi ya operesheni peke yake, kila kitu unachoingiza kwenye mwili wa mtu kinahitaji akubali. Na ile karatasi ya operesheni yenyewe, sikilizeni vizuri maana hapa mtihani unawapiga kila mwaka: anayetakiwa kumweleza mgonjwa operesheni, faida yake, hatari zake na njia nyingine zilizopo ni yule anayeifanya, daktari wa upasuaji. Wewe nesi ukisaini pale kama shahidi unashuhudia kwamba mgonjwa ndo aliyesaini, kwa hiari yake, akili zake zikiwa timamu. Kwa hiyo mama akikuuliza "hivi kesho wanakata utumbo wote au?" usijifanye daktari ukaanza kuchora utumbo kwenye shuka, mpigie daktari simu arudi amweleze upya, hata kama atanuna, na atanuna. Na saini ipatikane kabla hajapewa dawa ya kumlegeza, mtu aliyeshaanza kusinzia hakubali kitu, anaitikia tu.

Zile kanuni nne za maadili mnazozikariri, kuheshimu uamuzi wa mgonjwa, kumtendea mema, kutomdhuru na kutenda haki, msizitafute kwenye kesi kubwa kubwa za mahakamani. Ziko kwenye pazia. Ziko kwenye ule mfuko wa mkojo unaoning'inia wazi ndugu wakija kumsalimia mama wa watu, ni nguo ndogo tu ya kuufunika inakosekana. Ziko kwenye ile tabia ya kupiga kelele kutoka mlangoni "kitanda cha sita amekojoa ngapi?", wodi nzima inageuka kumwangalia. Hiyo ni siri ya mgonjwa umeitangaza wewe na kipaza sauti chako cha mdomo.

Haya, tunaingia thieta, chumba cha operesheni. Kule kuna orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani, ilizinduliwa 2008, ina vipengele 19 na vituo vitatu, kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kukata ngozi, na kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Ilijaribiwa kwenye hospitali nane za miji tofauti kabisa, zikiwemo za Toronto, London, New Delhi na Ifakara, na matokeo yalipotoka 2009 vifo vilikuwa vimeshuka kutoka asilimia 1.5 mpaka 0.8 na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 mpaka 7. Kwa kuulizana maswali tu kwa sauti! Wewe ni nani, tunakata wapi, una mzio wa kitu gani, antibiotiki ameshapewa ndani ya saa moja iliyopita. Mwisho manesi wanahesabu gozi, sindano na vifaa, hesabu isipotimia tumbo halifungwi, hata daktari akiwa na haraka ya kwenda wapi sijui.

Lile swali la mzio ndo linatuleta kwenye kinga ya mwili. Mipira mingi ya mkojo imetengenezwa kwa lateksi, yaani utomvu wa mti wa mpira. Kuna watu ambao mwili wao ulishakutana na lateksi huko nyuma, labda kwa operesheni nyingi za utotoni, watoto waliozaliwa na mgongo wazi wako kwenye hatari kubwa sana hapa, na kinga ikatengeneza kingamwili za IgE, yaani askari wa mzio, ambazo zinakaa kwenye seli fulani zikisubiri. Siku lateksi inarudi, hizo seli zinamwaga histamini kwa mkupuo, mishipa inatanuka, presha inaporomoka, koo linavimba, kifua kinabana. Dawa ya kwanza ni adrenalini, miligramu 0.5 kwa mtu mzima, kwenye msuli wa paja upande wa nje, siyo haidrokotisoni, siyo piritoni, hizo zinafuata baadaye. Kwa hiyo unapomuuliza mama kama ana mzio usimuulize "una aleji?" akasema hapana ukapita. Muulize puto la kuchezea au glavu zimewahi kumwasha, muulize ndizi au parachichi vinamfanya midomo ivimbe, maana watu wenye mzio wa lateksi mara nyingi wanasumbuliwa na hivyo vitu pia. Akisema ndiyo, tafuta mpira wa silikoni na glavu ambazo si za lateksi, na waambie thieta kabla hajafika mlangoni.

Kuuweka sasa. Nimeona wanafunzi wanakariri hatua ishirini na kitu halafu wanasahau zile zenye maana. Mikono, vifaa vilivyouliwa vimelea, glavu safi za upasuaji, jeli, na usiguse sehemu ya mpira itakayoingia ndani. Njia ya mkojo ya mwanamke ina urefu wa sentimita 4 hivi, ya mwanaume ni kama 20, ndo maana wanawake wanapata UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, kirahisi zaidi, bakteria wana safari fupi. Kwa mwanamke ukikosea ukaingia ukeni, usiuchomoe kwa aibu, uache pale pale ukuonyeshe njia ya kukwepa, chukua mpira mwingine mpya, uweke panapotakiwa, ndo utoe ule wa kwanza. Kwa mwanaume sukuma mpaka karibu na pale mpira unapogawanyika, mkojo ukitoka usishangilie ukajaza puto hapo hapo, sogeza kwanza zaidi, maana puto likijaa kwenye njia ya mkojo badala ya kibofuni utaona damu na utasikia kelele. Akisema inauma wakati unajaza, acha, toa maji, sogeza ndani. Jaza kwa maji safi ya sindano, siyo chumvi ya dripu, chumvi inaweza kuganda ikaziba kale kamrija siku ya kutoa. Na kama hajatahiriwa, rudisha govi mahali pake! Likiachwa nyuma linakaba, kichwa cha uume kinavimba, na hiyo ni dharura mpya umeitengeneza mwenyewe.

Sasa niwaambie kitu kuhusu huo mpira na ulinzi wa mwili. Kibofu hakina jeshi kubwa lakini kina ujanja, kila unapokojoa mkojo unasukuma nje bakteria waliojaribu kupanda, halafu kibofu kinabaki karibu kitupu. Mpira unaua ujanja wote huo. Mkojo haupiti tena kwa nguvu, unadondoka tu, chini ya puto kunabaki kidimbwi kidogo kisichotoka, na juu ya mpira wenyewe, ndani na nje, bakteria wanajenga utando wa ute wanajificha humo, seli nyeupe hazipenyi vizuri, antibiotiki nazo hazipenyi vizuri. Kila siku moja mpira unapokaa, uwezekano wa kupata bakteria kwenye mkojo unaongezeka kwa asilimia 3 mpaka 7, na mpira ukifika mwezi karibu kila mgonjwa anao. Mara nyingi ni E. koli, mdudu wa utumboni mwake mwenyewe, au mdudu uliyemletea wewe kwa mikono kutoka kitanda cha jirani.

Ule mnyororo wa maambukizi wenye pete sita mnaoukariri, uangalie hapa. Kimelea, mahali anapoishi, mlango wa kutokea, njia ya kusafiri, mlango wa kuingilia, na mtu dhaifu anayempokea. Mama yetu ana kisukari na ana miaka 68, huwezi kumpa ujana, hiyo pete ya mwisho huna uwezo nayo sana. Ila njia ya kusafiri ni mikono yako. Daktari mmoja, Semmelweis, kule Vienna mwaka 1847 aliwalazimisha madaktari waoshe mikono kwa maji ya klorini wakitoka kupasua maiti kabla ya kwenda kuzalisha, vifo vya akina mama vikashuka sana, na wenzake bado wakamkatalia. Sasa hivi hakuna anayekataa, tunakubali wote, halafu hatunawi. Dawa ya spiriti inataka sekunde 20 mpaka 30, sabuni na maji sekunde 40 mpaka 60, na glavu hazichukui nafasi ya hayo, nawa kabla ya kuvaa na nawa baada ya kuvua.

Mengine ni madogo madogo lakini ndo kazi yenyewe. Mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu muda wote, hata kwenye kiti cha magurudumu, wapo watu wanaulaza tumboni kwa mgonjwa wakati wa kumsafirisha, mkojo wote wa tangu jana unarudi ndani. Lakini usiguse sakafu. Usitenganishe mpira na mfuko, ukitaka sampuli chukua kwenye kile kitundu chake kwa sindano baada ya kukisafisha, usichukue mkojo wa mfukoni, ule umeshalala. Kila mgonjwa na kopo lake la kumwagia. Usafi wa kila siku ni sabuni na maji tu, hakuna haja ya kumwagia madawa makali. Na naomba hili mlishike: mkojo kuwa na ukungu au harufu kwa mtu mwenye mpira peke yake haimaanishi anahitaji antibiotiki. Bakteria kuonekana maabara bila dalili, ukitoa wajawazito na wanaokwenda kufanyiwa upasuaji wa njia ya mkojo, kwa kawaida hatutibu, tukitibu tunazalisha wadudu sugu. Tunatafuta dalili, homa, kutetemeka, maumivu ya ubavuni au chini ya kitovu, presha kushuka. Na kama mpira umekaa zaidi ya wiki mbili na unashuku maambukizi, ubadilishe kwanza ndo uchukue sampuli kwenye mpya, vinginevyo maabara watakusomea ule utando.

Tahadhari moja kwa wagonjwa ambao kinga yao imeanguka, wa saratani wanaotumia dawa za kemo, wanaotumia dawa za steroidi muda mrefu, wazee sana. Usaha ni seli nyeupe zilizokufa zikipigana. Asiye na seli nyeupe hatakuonyesha usaha, kidonda kitakuwa safi machoni, mkojo hautakuwa mzito, homa ndogo ya 38 ndo kelele pekee utakayoisikia, kwa hiyo kwake 38 usiseme "tumuangalie mpaka asubuhi".

Mama katoka thieta. Huo mpira sasa unafanya kazi nzuri kweli, unakuonyesha figo zinapata damu au hazipati. Mtu mzima tunategemea angalau nusu mililita kwa kila kilo kwa saa, huyu wa kilo 70 ni 35 kwa saa. Ukikuta 10, kabla hujapiga simu angalia mpira haujakunjwa au haujalaliwa na mapaja, nimeshaona daktari anaamshwa usiku kwa ajili ya mpira uliokaliwa. Ukiwa umenyooka na bado ni 10, mapigo yanakimbia, mikono ya baridi, hapo piga simu na usingoje saa ya pili, huenda kuna damu inapotelea mahali.

Homa baada ya operesheni ina kalenda yake ya makadirio, siku mbili za kwanza waza mapafu, kuanzia ya tatu waza mkojo, kuanzia ya tano hivi waza kidonda, na miguu yenye damu iliyoganda iwaze muda wote. Siyo sheria, ni pa kuanzia kutafuta.

Sasa siku ya pili mama amekaa kitandani, anaongea, anakunywa maji. Mpira bado upo. Kwa nini? Nikiuliza hili swali wodini napewa majibu ya kila aina, daktari hajaandika utolewe, zamu ya usiku watatoa, hawezi kwenda chooni mwenyewe. Jibu la tatu ndo linaniudhi. Kushindwa kwenda chooni au kushindwa kuzuia mkojo peke yake siyo sababu ya kubaki na mpira, hiyo ni sababu ya kumpelekea bedpani, kumsindikiza, kumpangia ratiba ya kila masaa mawili matatu, kumpa nepi akikubali. Najua manesi wachache, najua, wawili kwa wagonjwa arobaini, sitaki kujifanya sijui. Lakini tuite kitu kwa jina lake, huo mpira upo kwa faida yetu sisi na hatari anaibeba yeye. Kila asubuhi kwenye ripoti ya zamu isemwe, mpira wa nani, siku ya ngapi, sababu gani. Sababu ikikosekana mkumbushe daktari hapo hapo utoke.

Na yule mzee aliyechanganyikiwa anayeuvuta mpira usiku, mkono unakimbilia kumfunga kamba kitandani. Jiulize kwanza kama bado anauhitaji, wengine ukiutoa tu wanalala. Akiuchomoa na puto limejaa atatoka damu, kweli, lakini kumfunga nako kuna madhara yake na kunamvunjia heshima.

Ukishautoa kazi haijaisha. Anatakiwa akojoe ndani ya masaa 6 mpaka 8, pima kiasi. Ganzi ya mgongo na mofini zinakifanya kibofu kisahau, kwa hiyo msimamishe, mpe faragha, fungulia bomba asikie maji. Na huyu msikilizeni sana: mgonjwa anakojoa kidogo kidogo, mililita 40, 50, kila nusu saa, nesi anaandika "anakojoa vizuri". Gusa juu ya kinena. Kama kuna kitu kigumu cha mviringo, ukibonyeza anakunja uso, hicho ni kibofu kimefurika na kile unachokiona ni kinachomwagika pembeni. Kwa aliyeumia uti wa mgongo sehemu ya juu, kibofu kilichojaa au mpira ulioziba unaweza kurusha presha juu vibaya mno, kichwa kinauma kama kinapasuka, uso mwekundu, jasho, mkalishe wima haraka na kagua mpira kabla ya kitu kingine.

Haja kubwa niliahidi kuionea. Mofini ile ile inafunga choo, atembee mapema, anywe maji, alainishiwe kabla hajakwama na siyo siku ya tano. Enema alale ubavu wa kushoto kwa sababu utumbo wa mwisho umejikunja huko. Na mama yetu akirudi na mdomo wa utumbo uliotolewa nje kupitia ngozi ya tumbo, uangalie rangi kila zamu, mwekundu na unyevu ni mzima, ukiwa wa zambarau au mweusi damu haifiki, ita daktari wa upasuaji sasa hivi.

Maswali. Dada wa katikati pale anauliza mgonjwa mwenye akili timamu akiukataa mpira na operesheni ni kesho tunafanyaje. Kwanza muulize kwa nini. Wengine wanaogopa maumivu, wengine hawataki kuwekewa na mwanaume au na mwanamke, wengine waliwekewa vibaya zamani, na mengi ya hayo unaweza kuyatatua, unaweza hata kukubaliana na timu awekewe akishalala, ila yeye akubali hilo kabla. Mweleze bila kumtisha kitakachotokea usipowekwa. Akikataa bado, haumlazimishi, unamwambia daktari wa upasuaji na wa usingizi, unaandika maneno yake kama alivyoyasema, saa, na uliyempa taarifa.

Na kaka wa mwisho, puto limegoma kutoa maji, umevuta sindano haiji kitu. Usivute kwa nguvu, unaweza kuwa unanyonya kamrija kanajibana, badilisha sindano, iache ijae yenyewe taratibu, sukuma mpira ndani kidogo, mgeuze mgonjwa. Ikishindikana mwite daktari. Na tafadhali usichukue mkasi ukate mpira, nimewasikia wakubwa wengine wanafundishana hivyo, maji yanaweza yasitoke na kipande kikarudi ndani, hapo umemrudisha thieta mtu ambaye alikuwa anapanga nguo kwenye begi aende nyumbani.